Le Mayeur na Ni Pollok wa Bali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukimwonyesha mtu picha ya Le Mayeur, kwanza atauliza, "Huyu dada ni nani?" Kisha atasogea karibu na kuuliza, "Na huyu mwingine aliyekaa pembeni?" Mara nyingi ni yeye yule, kachorwa mara mbili au tatu kwenye picha moja. Hapa yamekusanywa maswali yanayojirudia kuhusu Mbelgiji huyu na mcheza ngoma aliyemchora zaidi ya miaka 20. Unaweza kuanzia popote. Penye jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa.

## Mambo ya mwanzo

Le Mayeur alikuwa nani?

Jina kamili ni Adrien-Jean Le Mayeur de Merprès. Alizaliwa Ixelles, Brussels, mwaka 1880. Baba yake alikuwa mchoraji wa bahari na merikebu. Mwana akasomea mambo ya ujenzi chuo kikuu kabla ya kuiacha fani hiyo na kushika brashi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia hakutulia: Italia, Afrika Kaskazini, India, halafu Tahiti mwaka 1929. Mwaka 1932 aliteremka Singaraja, bandari ya kaskazini mwa Bali, kisiwa cha Indonesia ya leo, akiwa na miaka 52. Wenzake wa rika hilo wanahesabu pensheni, yeye ndiyo kwanza anaianza kazi atakayokumbukwa nayo.

Aliishi Bali hadi 1958, ukitoa safari za maonyesho.

Ni Pollok ni nani?

Ni Nyoman Pollok, mzaliwa wa Kelandis, mtaa wa Denpasar, mwaka 1917. "Ni" hutangulia jina la mwanamke. "Nyoman" ni jina la mtoto wa tatu, kwa sababu Wabali huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa: Wayan, Made, Nyoman, Ketut. Kwa msomaji wa Tanzania si ajabu. Ukisikia Kulwa na Doto unajua tayari nani alitangulia.

Kabla ya kuwa mke wa mtu alikuwa mcheza Legong mwenye jina. Legong ni ngoma ya wasichana, huchezwa kwa shingo, macho na vidole kuliko miguu. Mchezaji hufungwa kitambaa chenye nakshi za dhahabu kuanzia kifuani hadi nyonga, kimekazwa hasa, na kichwani huvaa taji la maua yanayotikisika kila shingo inaposogea. Anayeifahamu ngoma hiyo huiona ndani ya picha hata pale Ni Pollok alipochorwa ameketi tu. Kiganja kimekunjwa kwa nyuma na kiwiko kimenyanyuka kidogo. Mtu ambaye hajafunzwa hakai hivyo.

Kwa nini alikwenda Bali, na kwa nini wakati ule?

Njia ilikuwa imeshafunguliwa, tena kwa mtutu. Waholanzi waliiteka Bali ya kusini mwaka 1906 na kumalizia ufalme wa Klungkung mwaka 1908. Baada ya damu kukauka, serikali hiyohiyo ya kikoloni ikaanza kukinadi kisiwa kama bustani ya amani. Kampuni ya meli ya KPM ilileta watalii, Bali Hotel ikafunguliwa Denpasar mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1931 wacheza ngoma wa Bali walipelekwa Paris kwenye maonyesho ya makoloni. Le Mayeur alipowasili mwaka uliofuata, Ulaya ilikuwa tayari na hamu ya picha za Bali. Hakugundua kitu, alifika sokoni asubuhi na mapema.

Sanur ni mahali gani?

Ni pwani ya mashariki, kilomita chache kutoka Denpasar. Mwamba wa matumbawe huzuia mawimbi makubwa, maji yakitoka hubaki vidimbwi, na mchangani hulazwa vyombo vyenye ndubi huku na huku. Wenyeji huviita jukung. Mtu wa Kizimkazi au Kilwa angesema "hizi si ngalawa?", na hangekuwa amekosea sana: wanahistoria wengi wanaihusisha ngalawa yetu na mabaharia waliotoka visiwa vya upande huo zamani.

Pwani hiyohiyo ndipo jeshi la Waholanzi liliposhukia Septemba 1906, likaenda Denpasar ambako mfalme wa Badung na watu wa nyumba yake walitoka wamevaa mavazi meupe na kuikabili risasi mpaka kufa. Wabali huita tukio hilo puputan. Wajapani nao walishukia Sanur Februari 1942. Katika picha zote za Le Mayeur nilizowahi kuziona, bahari ile haina hata kivuli cha meli ya kivita.

## Picha zenyewe

Nitaitambuaje kazi yake?

Tazama mwanga kabla ya kutazama watu. Le Mayeur alilelewa katika uchoraji wa Kibelgiji uliopenda jua kuliko mistari, na Sanur ilimpa jua bila kipimo. Chukua mojawapo ya picha zake za wafumaji. Mwanamke ameketi barazani mbele ya kitanda cha mfumi. Nyuma yake mlango uko wazi, na bustani inawaka kwa manjano na waridi. Jua linapenya kwenye majani na kumwangukia begani vipande vipande. Ukisogea, vipande hivyo ni madonge tu ya rangi: hili la machungwa, lile la zambarau hafifu, hapa kijani mahali ambapo ngozi haiwezi kuwa ya kijani. Rudi nyuma hatua tatu, na bega linakuwa bega.

Dalili nyingine ni bwawa la mayungiyungi, maua mekundu yanayoning'inia juu, maua ya jepun nyweleni (ule mti wa maua meupe yenye moyo wa manjano unaopandwa sana Zanzibar na Mombasa), na fremu ya mbao iliyochongwa na mafundi wa Bali. Sahihi kwa kawaida ni "J. Le Mayeur". Usiitegemee sahihi peke yake. Soma swali la kununua, huko chini.

Je, hizi ni picha za sura za mtu kweli?

Swali hili ndilo lililonifanya niuandike ukurasa huu, kwa hiyo nitachukua nafasi kidogo.

Picha ya sura, kwa maana ya kawaida, hukuacha ukimjua mtu. Unaona amechoka au anajisikia, ana kovu, jicho moja ni dogo kuliko lingine. Ukikutana naye njiani ungemwita. Sasa nenda kwa Ni Pollok wa Le Mayeur. Macho yameinamishwa. Uso uko robo tatu, nusu yake kivulini. Mdomo ni mapigo mawili ya brashi. Mwaka 1935 au mwaka 1955, umri ni uleule. Mwanamke aliyekuwa anakaribia miaka 40 anachorwa kama yule aliyefunguliwa mlango siku ya kwanza. Le Mayeur alikuwa akichora saa nne ya asubuhi kwenye bustani yake, na Ni Pollok ndiye aliyekuwepo saa hiyo.

Lakini huwezi kumtoa pichani ukabakiwa na kitu. Mikao ni yake. Alijua kuushikilia mwili bila kutetereka kwa sababu alifundishwa tangu utotoni. Ndiyo maana nakataa maelezo ya "mchoraji na kipusa chake". Picha hizi zilitengenezwa na watu wawili, mmoja akiwa na brashi na mwingine akiwa na Legong. Ukizihesabu kama picha za sura, hesabu kwamba ni za sura ya mkao wake. Uso wake hatukuachiwa. Uso utaupata vizuri zaidi kwenye fotografia za enzi hizo, ambamo anamtazama mpiga picha bila kupepesa.

Mbona wanawake wote wanafanana?

Sababu ya kwanza ni ile iliyotajwa juu: mara nyingi ni mmoja. Aliwatumia wasichana wachache wengine, lakini Ni Pollok alichorwa akicheza, tena akifuma, tena akipanga sadaka, kisha yote yakaunganishwa kwenye picha moja. Sababu ya pili ni soko. Picha iliyouzwa mwaka huu ilivuta mteja wa mwaka ujao aliyetaka "kama ile". Kwa maoni yangu picha zake dhaifu ni zile zenye watu wengi; hugeuka mapambo. Zenye mtu mmoja na mlango mmoja zina pumzi zaidi.

Alichorea juu ya nini?

Alichorea turubai na mbao bandia, na wakati wa vita alichorea gunia. Wajapani walipoitwaa Bali mwaka 1942 walimfungia nyumbani kwake Sanur. Bidhaa kutoka Ulaya zilikatika, turubai hazikuwepo. Akapaka rangi kwenye magunia, ambayo huko huitwa bagor. Takriban robo ya picha zilizobaki nyumbani kwake ni za gunia.

Kwangu hizo ndizo bora. Gunia hunywa rangi, kwa hiyo ile fahari ya waridi na manjano inazimika na kuwa udongo, kahawia na kijani kilichofifia. Nyuzi zinaonekana. Mwanamke anakaa ndani ya kitambaa kama mtu aliyeko chumbani alasiri, dirisha limefungwa. Watalii huzipita haraka kwa sababu hazing'ai.

Kwa nini wanawake wengi wamechorwa kifua wazi?

Katika Bali ya miaka hiyo wanawake wengi, hasa vijijini, walifunga kitambaa kiunoni na kukaa hivyo wakifanya kazi za kila siku. Kifua kilifunikwa kwa heshima ya hekalu au mbele ya mkubwa. Kwao hapakuwa na jambo. Jambo lililetwa na macho ya mgeni na kamera yake, na kampuni za utalii zikaligeuza biashara. Mchezaji wa Legong, kwa mfano, huvaa nguo tele (rudi kwenye swali la Ni Pollok), lakini wachoraji walipenda kumwondolea. Picha hizi zisisomwe kama ushahidi wa mavazi ya Bali. Humo kuna mila, na kuna kilichoongezwa kwa ajili ya mnunuzi wa Singapore.

## Ndoa, umri na fedha

Ni kweli Ni Pollok alikuwa na miaka 15 walipokutana?

Ndiyo, na Le Mayeur alikuwa na 52. Walioana mwaka 1935 kwa mila za Kibali, Ni Pollok akiwa na miaka 18 hivi. Vitabu vya utalii huiita hadithi ya mapenzi na kupita. Huniambii kwamba msichana wa miaka 15 na mgeni wa Kizungu mwenye fedha, chini ya serikali ya kikoloni, walikaa meza moja wakiwa sawa. Wakati huohuo, kumfanya Ni Pollok mtu asiye na akili yake ni kumdhulumu mara ya pili: habari zake za baadaye zinaonyesha mwanamke aliyejua thamani ya alichokishika (tazama swali la nyumba). Mambo haya mawili yanakaa pamoja, na sioni haja ya kuyapatanisha.

Nani alizinunua picha?

Maonyesho ya Singapore mwaka 1933 yalimfungulia njia. Fedha alizopata alinunulia kiwanja Sanur na kujenga. Alirudi kuonyesha huko mara kadhaa kabla ya vita, hadi 1941.

Baadaye wateja wakawa wanaletwa mlangoni. Wageni wa hoteli walifika Sanur kula chakula cha mchana kwenye bustani, Ni Pollok akawapokea na kuwachezea, na huku picha zenye sura yake zimetundikwa ukutani nyuma yake. Fikiria kazi ya siku moja ya mwanamke huyo: asubuhi amekaa kuchorwa, mchana mwenyeji, alasiri mcheza ngoma, na bidhaa inayouzwa ni yeye. Rais Sukarno wa Indonesia, aliyependa sana uchoraji, naye alikuwa na picha za Le Mayeur katika hazina yake.

Nyumba ilipataje kuwa makumbusho?

Mwaka 1956 Bahder Djohan, aliyewahi kuwa waziri wa elimu wa Indonesia, aliitembelea na kupendekeza ihifadhiwe. Tarehe 28 Agosti 1957 ziliandikwa hati mbili. Kwa ya kwanza, Le Mayeur alimpa Ni Pollok kila kitu: kiwanja, nyumba na picha. Kwa ya pili, siku hiyohiyo, Ni Pollok aliikabidhi mali hiyo serikali iwe makumbusho, naye abaki kuishi humo maisha yake yote.

Mwaka uliofuata walisafiri Ubelgiji kwa matibabu. Le Mayeur alikuwa na saratani ya sikio. Alifariki Mei 1958 akazikwa Ixelles. Ni Pollok alirudi Sanur akaitunza nyumba miaka 27, hadi alipofariki mwaka 1985. Ni miaka mingi kuliko aliyoishi na mumewe, na maandishi mengi huimaliza kwa nusu sentensi.

## Wachoraji wengine

Walikuwepo Wazungu wengine waliowachora Wabali?

Wengi. Walter Spies, Mjerumani, aliwasili 1927 akakaa Ubud, mji wa ndani ya kisiwa, mbali na pwani. Yeye alipenda zaidi mashamba ya mpunga na ng'ombe wenye vivuli virefu kuliko nyuso. Alikufa Januari 1942 meli ya Van Imhoff, iliyobeba wafungwa Wajerumani, ilipopigwa bomu na Wajapani. Willem Hofker, Mholanzi, alikuja na mkewe Maria, naye mchoraji, mwaka 1938. Theo Meier alitoka Uswisi. Antonio Blanco, Mhispania mzaliwa wa Manila, alifika 1952 akaoa mcheza ngoma, Ni Ronji, na nyumba yao ya Campuhan nayo ni makumbusho. Ukiona mfanano na habari ya Le Mayeur, hujakosea.

Ikiwa nataka picha za sura hasa, nimtazame nani?

Rudolf Bonnet, kisha Hofker. Bonnet, Mholanzi, aliwasili 1929 baada ya kukaa Italia, na mkono wake ulikuwa wa mchora mistari. Wanaume wake wana mashavu yenye mifupa, vipaji vya uso vizito, na macho yanayokutazama. Hofker alitumia chaki laini, akijaza nywele unywele kwa unywele, na aliwataja aliowachora: Ni Gusti Kompiang Mawar ana jina lake, hakuitwa "msichana wa Bali". Nilipoonyesha mchoro wa Bonnet karibu na picha ya Le Mayeur, mwanafunzi mmoja alisema huyu wa Bonnet angeweza kukukopa pesa. Sijasikia tofauti ikielezwa vizuri zaidi.

Bonnet alifariki Uholanzi mwaka 1978. Majivu yake yalirudishwa Ubud, yakaingizwa katika mazishi makubwa ya moto ya rafiki yake, mwanamfalme Tjokorda Gde Agung Sukawati, mwaka 1979.

Kwani Wabali wenyewe hawakuwa wakichora?

Walikuwa wakichora karne nyingi kabla. Kijiji cha Kamasan, karibu na Klungkung, kina mtindo wake wa kuchora visa vya kale juu ya kitambaa. Miaka ya 1930 kijiji cha Batuan kilikuwa kikitoa michoro ya wino iliyojaa pepo, wachawi na watu wa soko mpaka pasibaki nafasi. I Gusti Nyoman Lempad alichora kwa mstari mmoja mwembamba ambao sijui Mzungu gani wa kisiwa kile angeuweza. Mwaka 1936 Lempad, Sukawati, Spies na Bonnet waliunda chama cha Pita Maha cha kuchuja na kuuza kazi nzuri, na mwaka 1956 Ubud ikafungua makumbusho yake, Puri Lukisan. Le Mayeur alikuwa kando na yote haya. Alikaa pwani, bustanini kwake.

## Maswali ya pembeni

Ndiye "Gauguin wa Bali"?

Ni jina la wauza picha. Gauguin, mchoraji Mfaransa aliyehamia Tahiti, alikufa 1903, na ni kweli Le Mayeur alipita Tahiti. Lakini Gauguin alipaka rangi bapa, nzito, zenye mpaka. Le Mayeur huvunja kila mpaka kwa mwanga. Wanachofanana ni mke kijana wa kisiwani, na hilo si la uchoraji.

Nimeona picha yake inauzwa mtandaoni kwa bei poa. Ninunue?

Hapana. Kazi zake kubwa zimepita dola milioni 1 za Marekani kwenye minada ya Hong Kong, kwa hiyo hakuna mwenye picha halali anayeiuza kwa bei ya simu. Za kughushi ni nyingi, na mtindo wake unawarahisishia: alirudia mada zilezile, na madonge ya rangi huonekana mepesi kuiga. Dai hati ya umiliki tangu mnunuzi wa kwanza, na fundi huru aikague.

Naweza kuchapisha picha zake kwenye kitabu au fulana?

Ubelgiji na Indonesia humlinda msanii miaka 70 baada ya kifo, hivyo ulinzi unamalizika mwisho wa 2028. Kenya na Tanzania ni miaka 50, ambayo imekwisha. Kitabu chako kikivuka mpaka, fuata muda mrefu zaidi.

Nikifika Sanur nitaona nini?

Nyumba ya chini yenye milango na madirisha ya mbao yaliyochongwa, picha 88, na bustani yenye sanamu za vichwa vya wenye nyumba. Ndani kuna giza kuliko utakavyotarajia kwa mchoraji wa jua. Hewa ya chumvi imezila picha, hasa zile za gunia.

Jirani yake kuna jengo la ghorofa kumi, Bali Beach Hotel, lililofunguliwa 1966. Baadaye Bali iliweka sheria kwamba jengo lisipite kimo cha mnazi, mita 15. Ukisimama barazani pa Ni Pollok ukageuza shingo, utaelewa mara moja sheria hiyo ilitokana na nini.